Mngurumo Chini ya Kiti cha Shangazi

Ndoa ya kaka yangu ilikwama kwenye Barabara ya Ngong, mchana kweupe, pale shangazi wa mchumba wake alipoamuru gari lisimame, akashuka, akakusanya sketi yake, akapanda boda boda na kurudi kwao Kawangware bila kuaga mtu. Shangazi huyo si mtu wa kupanda boda boda. Ni mwanamke mkubwa kwa umri, kwa cheo na kwa uzito. Ana ploti za kupangisha, ana kiti chake kanisani ambacho mgeni akikikalia hunong'onezwa, na ndiye dada mkubwa wa baba wa msichana. Inasemekana hata mwenye pikipiki aliitazama tairi yake ya nyuma kabla ya kukubali.

Sikuwemo garini. Nilipewa habari na watu watatu waliokuwemo, nao wakanipa habari tatu tofauti. Kaka alisema gari lilitoa kasauti fulani. Mchumba wake alisema lilinguruma kama kinu cha posho na kutetemeka mpaka hereni zake zikacheza. Mmoja wa wanawake waliokaa nyuma na shangazi alisema kwamba ndani ya gari lile kuna kitu kinachoomboleza, na kwamba yeye si wa kusema zaidi ya hapo. Nilisomea falsafa chuo kikuu, jambo ambalo mama huwaeleza majirani kwa kusema, "Huyu alisomea kuuliza." Basi niliuliza. Mlio ulianza mkiwa mwendo gani? Ulikuwa mbele au nyuma? Uliongezeka mkipanda mlima? Kaka alinijibu kwamba wakati ule alikuwa akimtazama shangazi kwenye kioo, si mshale wa mwendo.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Kwa desturi ya upande wao, kabla ya harusi wanawake wa ukoo wa msichana huenda kuiona nyumba atakayoishi binti yao. Huona jiko, hufunua sufuria, hukalia kitanda wasikie kama kina maneno. Nyumba ya kaka iko Soweto East, kwenye ghorofa zile mpya, na ilikuwa imesuguliwa hadi kwenye vitasa. Mama alikuwa ametoka kwake Lindi, mtaa wa jirani, alfajiri kuja kuwapikia wageni kuku. Kaka, kwa upande wake, alijitolea kuwachukua wageni mwenyewe, ili waone kwamba ana gari. Waliliona.

Jioni shangazi alipiga simu. Tulikuwa chumbani kwa mama, na kaka aliweka simu mezani sote tusikie.

"Mimi sijakataa," alisema. "Jumapili ijayo tukitoka kanisa nitakuja kuona nyumba. Na nitakuja na gari hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, na wenzangu wale wale."

Kaka akasema kwa upole kwamba angeweza kuazima gari la rafiki yake, kubwa zaidi, lenye nafasi.

"Hapana. Ukiazima gari leo, kesho utaazima nini? Nataka hiyo yako. Ikinyamaza, tutaongea mambo ya harusi. Ikilia, nitashuka. Na nikishuka tena, nimeshuka."

Nilifungua mdomo kuuliza uhusiano uliopo kati ya gari kunguruma na mwanamume kufaa kuoa. Mama alinikanyaga mguu. Baadaye, nikiuguza kidole, nilifikiri upya. Hoja ya shangazi ilikuwa na tundu katikati, lakini utaratibu wake haukuwa na kasoro: gari lile lile, barabara ile ile, abiria wale wale wa nyuma. Katika jambo hili zima, wale wengine walikuwa na hofu na maoni. Yeye peke yake alikuwa na jaribio.

Lazima nilieleze gari. Ni gari dogo la aina ya saluni, la zamani, jeupe, la pembe nne, aina ambayo walimu wakuu walikuwa wakiendesha tulipokuwa watoto. Kaka alilinunua kwa mwalimu mstaafu, na kabla hata ya kubadilisha oili alilipeleka kwa fundi mtaani Laini Saba likakatwe springi. Fundi huzitoa springi, huzipunguza kimo kwa mashine ya kukatia chuma, huzirudisha, na gari linajibana chini kama paka anayevizia. Vijana wa mtaa husema gari imelala, na kwao hiyo ni sifa. Matuta ya barabarani ikabidi kaka ayavuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Mama aliuliza mara moja tu kwa nini mtu anunue kitu kisha akikate, akaambiwa hataelewa. Mimi niliuliza mara nyingi zaidi. Jibu la maana nililopata ni kwamba gari likilala watu hugeuka kulitazama. Nikamuuliza kama wanageukia uzuri au wanageukia sauti ya tumbo lake likikwaruza lami. Akaacha kunisalimia kwa muda.

Fundi aliyekata springi ndiye fundi tuliyempelekea mlio. Hapo nilipinga. Nilimwambia kaka kwamba ukitaka kujua nani kala mbuzi, usianze kwa kumwajiri fisi kuwa mpelelezi. Kaka akasema fundi huyu analijua gari. Nikasema hata fisi alimjua mbuzi.

Gereji yake iko kando ya reli, kati ya kibanda cha viatu na mwanamke anayekaanga samaki, na haina ukuta hata mmoja. Fundi ni mtu mrefu mwenye sauti ya mnadani. Hana shaka kuhusu jambo lolote lililo chini ya jua, na yaliyo chini ya gari hata usimuulize. Alinisalimia vizuri, "Niaje, siste," kisha kila swali nililouliza mimi akamjibia kaka. Aliwasha injini, akashika bisibisi ndefu, ncha akaibana kwenye chuma na mpini akautia sikioni, kama daktari anayesikiliza kifua. Treni ikapita. Akasubiri, akasikiliza tena, akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Krosi," akamwambia kaka.

Gari la aina hii husukumwa na magurudumu ya nyuma. Chini yake kuna bomba refu la chuma linalozunguka, mafundi huliita propela, ambalo hupeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi kwenye difu, lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Krosi ni viungo vya propela, kama kifundo cha mkono, vinavyoiruhusu ijikunje kidogo huku ikizunguka. Nilimuuliza fundi amejuaje kwamba ni krosi na si kitu kingine. Alimwambia kaka kwamba amefanya kazi hii tangu mimi nikiwa sijazaliwa. Nilitaka kusema kwamba hilo ni jibu la swali jingine, lakini kaka aliniomba niende nikaone samaki.

Krosi ikabadilishwa. Fundi akatoka na gari peke yake, akarudi anatabasamu, akampa kaka ufunguo kama anayempa mtoto mchanga. Kimya kabisa, alisema. Na kweli, mimi na kaka tulizunguka nalo mpaka Kawangware na kurudi, likawa kimya. Kaka akaimba. Kesho yake akawabeba mama na wenzake wawili kutoka matangani, na gari likalia njia nzima.

Fundi akasema basi ni zile raba zinazoishikilia gia. Akazibadilisha, akajaribu peke yake, kimya. Mama akapanda na majirani zake, mngurumo. Fundi akasema basi ni tairi, akaazima nyingine nne kwa rafiki yake, akajaribu, kimya. Kaka akaenda kumchukua mjomba na mkewe na mizigo yao. Mjomba alishuka akauliza kama tumeanza kutumia dizeli.

Hapo nadharia ya kitu kinachoomboleza ilianza kupata wafuasi. Ilionekana wazi kwamba gari halina tatizo na fundi. Lina tatizo na familia. Mama alimleta mchungaji, akaliombea gari akiwa ameweka mkono juu ya boneti. Nilimwambia kwa heshima kwamba sina pingamizi na maombi, ila kwa ushahidi tulionao mkono ungekaa vizuri zaidi kwenye buti. Mama akanikanyaga mguu ule ule.

Nikarudi kwa fundi nikiwa peke yangu, ili asipate mtu mwingine wa kumjibia.

"Ukiwa unajaribu gari," nilimuuliza, "huwa uko na nani ndani?"

"Na Mungu."

"Basi shida ni kwamba Mungu hana kilo."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka mpaka mwanamke wa samaki akauliza kuna nini, na mimi nikatumia nafasi hiyo kumweleza. Gari hunyamaza likiwa na mtu mmoja au wawili mbele. Hulia likiwa limejaa nyuma. Hakuna aliyewahi kulijaribu likiwa limejaa nyuma isipokuwa jamaa zetu, na wao hawakupanda kujaribu, walipanda kwenda mahali. Fundi alisugua mikono kwa tambara, akasema hilo yeye alishaliwaza.

Alishauri tubebe maji. Maji ni mazito, hayana maneno mengi, alisema, na mitungi iko kila mahali. Tukajaza kiti cha nyuma mitungi ya njano mpaka gari likakaa chini kama kuku anayetaga. Kaka akaendesha, mimi nikageuka nyuma kusikiliza. Nilisikia maji. Kila breki maji yalikuja mbele, kila gia yalirudi nyuma, na kwenye tuta la kwanza mifuniko miwili ikafyatuka. Chini ya kelele hiyo gari lingeweza kusoma taarifa ya habari na tusijue. Tulirudi na viatu vimelowa. Kaka alikuwa na uso wa mtu anayewaza kuhama mji.

Ni mama aliyetatua. Alikuwa akianika mazulia ya gari, hakugeuka hata kututazama.

"Kama ni uzito mnatafuta," alisema, "uzito uko kwaya."

Wakaja wanawake watatu wa kwaya ya mama. Nilikuwa nimewaeleza kwamba hatuendi popote, tunakwenda tu barabarani na kurudi, lakini hakuna mwanamke wa Lindi anayepanda gari akiwa na nguo za nyumbani, popote asikoenda. Walikuja na vitenge, mikoba na mwavuli. Mmoja alikuja na unga, kwa sababu kama gari litapita karibu na kwa dada yake, kwa nini lipite bure? Walibishana kidogo juu ya viti. Mkubwa kuliko wote, anayeimba besi pamoja na wanaume, alipewa dirisha la kushoto kwa heshima. Mwenye unga alichukua la kulia. Mwembamba wao, ambaye hana cheo chochote kwenye kwaya, akasukumwa katikati, mahali ambapo sakafu imevimba na miguu haina pa kukaa.

Kaka aliendesha taratibu mpaka Barabara ya Ngong, kisha akaongeza mwendo. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu ukaja, kutoka chini, mm-mm-mm, ukipanda na kushuka kama mtu anayekataa jambo akiwa amefunga mdomo. Kioo cha ndani kikaanza kutetemeka. Nikamwambia kaka aondoe gia, gari liserereke lenyewe. Injini ikatulia, mlio ukabaki pale pale. Basi injini haimo. Nikashika usukani kwa kidole: umetulia. Basi magurudumu ya mbele hayamo. Nikageuka nyuma na kuwauliza akina mama wanausikia wapi.

"Mimi siusikii, naona kioo tu," alisema wa dirisha la kushoto.

"Mimi kidogo, kwa miguu," alisema wa unga.

Mwembamba wa katikati alikuwa ameshika migongo ya viti vyetu kwa mikono miwili. "Mimi," alisema kwa sauti iliyokuwa ikikatika katika, "nausikia mpaka kwa meno."

Uvimbe ule wa sakafu ndimo propela inamopita. Alikuwa amekaa juu ya ushahidi.

Nikaomba kaka asimame kando, nikabadilishana kiti na mama wa besi. Yeye mbele, mimi nyuma. Tukaenda tena mwendo ule ule, na gari likanyamaza kama limeonywa. Tukasimama, tukabadilishana tena, mlio ukarudi. Nilipoomba mara ya tatu, ili nisije nikadanganywa na bahati, mwenye unga alisema wao si magunia. Lakini kufikia hapo jambo lilikuwa limewaingia. Mama wa besi aliinamisha kichwa, akasikiliza mlio, akausindikiza kwa sauti yake mwenyewe. Mwenye unga akaingia juu yake. Mwembamba, akitetemeka, akashika sauti ya kati. Tulipita kwa dada wa yule mwenye unga gari zima likiimba, na ikabidi niwaombe wanyamaze maana sikuweza tena kumtenga mshukiwa na kwaya.

"Hii gari inajua besi," alisema mama wa besi mwishoni, kwa haki, "ila inaburuta."

Mimi na kaka tuliporudi gereji nilimweleza fundi hivi. Springi zilizokatwa zimeliweka gari chini tayari. Likibeba watu nyuma, bodi inashuka zaidi, lakini difu iko kwenye magurudumu na haishuki nayo, inabaki juu kuliko ilivyopangwa, na propela inajikuta inaingia kwenye difu kwa kona kali. Krosi inazunguka ikiwa imekunjwa kupita kiasi, na ndiyo inayolalamika.

"Si nilisema ni krosi?" akamwambia kaka.

"Ulisema krosi ni mbovu," nikasema. "Krosi ni nzima. Imevunjwa shingo."

Fundi aliingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Zilionekana soli zake tu. Aliposema neno, alilisema akiwa huko huko chini: gari liinuliwe, springi zirudishwe kama zilivyotoka kiwandani.

Kaka alikataa. Hakupiga kelele, alikataa tu, kama mtu aliyeambiwa anyoe. Alisema yeye pia alikuwa garini kwenye jaribio, na ameona kwa macho yake kwamba mama mzito akikaa mbele hakuna mlio. Basi dawa ni viti. Shangazi akae mbele, pahali pa heshima, aone barabara vizuri. Nilikiri kwamba kwa ushahidi uliopo hoja yake ilikuwa safi. Akampigia mchumba wake pale pale kumpa habari njema.

"Shangazi hakai mbele," mchumba alisema. "Mbele ni pa mtu wa kushuka kufungua geti."

Kaka akauliza kama basi angekuja na mmoja tu wa wale wenzake.

"Watakuja wote watatu. Na ukizidi kuuliza wataongezeka." Upande wa pili tukasikia mtu akipiga maji kwenye karai. "Sikiza. Mimi sijali gari ikilala ama ikisimama. Lakini uniambie mapema kama naolewa na wewe ama naolewa na springi."

Alikata simu. Treni ilipita wakati huo, ndefu. Kaka aliizunguka saluni yake. Akachuchumaa upande mmoja, akafunga jicho moja, akapima kwa kiganja nafasi iliyokuwa kati ya tairi ya nyuma na bodi. Hakikuingia kiganja. Akasema, akiitazama tairi, kwamba kama ni lazima, basi nyuma tu. Mbele pasiguswe.

Springi zilizokatwa hazioti tena, na nyingine za gari la umri ule hazikupatikana upesi. Fundi alikata vipande vinene vya mpira wa tairi la lori, akavitoboa katikati, akavikaza kwa bolti, springi za nyuma zikasimama juu yake kama mtu mfupi juu ya kreti. Alifanya kazi hiyo vizuri. Nilikagua kila bolti, akaniruhusu, na mara mbili akanijibu mimi mwenyewe. Jeki iliposhushwa tulirudi nyuma kutazama.

Pua ya gari ilikuwa chini, nyuma juu. Lilifanana na bata anayetafuta kitu topeni. Vijana wawili waliokuwa wakipita na mkokoteni walisimama, na kaka, aliyetaka sana watu wageuke, sasa alikuwa amewapata.

"Buda," mmoja wao alimuuliza, "gari yako inasali?"

Kaka aliendesha kurudi nyumbani bila kuvuka tuta lolote kwa mshazari. Alipita juu yake moja kwa moja, kama mzee.

Jumapili tulifika Kawangware kanisa likitoka. Mimi nilikuwa mbele, kwa ajili ya mageti. Shangazi alitoka na wenzake wawili. Alilitazama gari kutoka mbali, akalizunguka, akatazama matako yake yaliyoinuka, akafungua mlango. Alikaa dirisha la kushoto, pale pale alipokaa siku ile, mkoba umesimama juu ya magoti. Mwenzake aliyesema kuna kitu kinachoomboleza alikaa katikati, juu ya propela, akiwa na uso wa mtu aliyekuja kuthibitishwa.

Hakuna aliyezungumza. Kaka aliendesha kwa mikono miwili, mgongo umenyooka, jasho likimtoka nyuma ya masikio. Tulipofika Barabara ya Ngong nilijua kila mti. Kituo cha petroli kikapita. Kanisa likapita. Mahali aliposhukia pakapita, na gari halikusema kitu, kwa sababu kaka alikuwa anaendesha kama anayebeba mayai.

"Ongeza," alisema shangazi.

Kaka akaongeza.

"Siku ile tulikuwa tunakimbia kuliko hivi. Ongeza."

Akaongeza tena. Niliweka kiganja sakafuni kando ya kiti, nikijifanya naokota kitu. Nilisikia barabara, nikasikia injini ikifanya kazi yake, na chini ya hayo hapakuwa na kitu. Nilimtazama mwanamke wa katikati. Alikuwa ameinua kidevu, anasubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo uso wake ulivyozidi kuingiwa na huzuni.

"Punguza," alisema shangazi. Kaka akapunguza. "Ongeza tena." Akaongeza. Nikageuka nyuma, macho yangu na ya shangazi yakakutana, mimi nimeinama na mkono sakafuni, yeye ameinamisha sikio, na kwa muda mfupi tulitazamana kama watu wa ofisi moja.

Kisha akaegemea kiti.

"Sasa hii kimya yote ni ya nini?" alisema. "Hakuna redio humu?"

Kaka alipapasa redio mpaka akaangusha kitufe. Ikapatikana stesheni ya nyimbo za kwao. Wale watatu wakaanza kusemezana juu ya mahubiri ya asubuhi na kofia ya mke wa mchungaji, na tukaingia Soweto East gari likiwa limejaa maneno ya kawaida. Mchumba na mama walikuwa juu, ghorofani. Niliwaona dirishani, na nilipowaonyesha dole gumba mama alitoweka, nadhani kwenda kwenye sufuria.

Kaka alizima injini akatoka haraka kwenda kuwafungulia mlango. Alizunguka nyuma ya gari. Akasimama. Nilidhani ameona mafuta yanavuja, nikashuka pia.

Hapakuwa na kitu kinachovuja. Wanawake watatu walikuwa wamekaa nyuma kwa uzito wao wote, na ule mgongo wa bata haukuwepo. Mpira wa lori ulikuwa umebonyea kadiri ya kubonyea. Mstari wa gari ulikwenda moja kwa moja kutoka taa za mbele hadi taa za nyuma, tairi zimejificha chini ya bodi mbele na nyuma sawasawa, nafasi ya juu yake ikilingana kidole kwa kidole. Lilikuwa limelala, tena kwa adabu, na kimya. Kaka alirudi hatua kadhaa, akalitazama upande, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili.

Shangazi aliteremsha kioo. "Tunangoja nini?"

"Dakika moja tu, anti," kaka alisema, akitafuta simu mfukoni. "Kaeni hapo hapo. Msisogee."

Shangazi alimwona akiinua simu. Akanyoosha kitambaa chake kichwani, akawaambia wenzake kwa Kikikuyu wakae vizuri, wanapigwa picha. Kaka alipiga nyingi, karibu zote akiwa amelala kifudifudi. Nilichungulia baadaye. Gari lote limo, ila vichwa vya wageni vimekatwa.

"Huyu kijana ana heshima," nilimsikia shangazi akisema.

Kaka akawafungulia mlango hatimaye, akampa shangazi mkono, akawakaribisha nyumbani. Walishuka mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja gari lilipanda kidogo. Kaka alisema "karibu" mara tatu, macho yake yakiwa kwenye tairi. Wa mwisho alipoweka mguu chini, nyuma ya gari ilikuwa juu kama ilivyotoka gereji, na vijana waliokuwa wameegemea ukuta wakaanza kutazamana.

Shangazi alikuwa tayari kwenye ngazi, pua juu, anafuata harufu ya kuku. Alisimama akageuka.

"Wewe kijana. Jumamosi nina ploti ya kwenda kuangalia, kule juu. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, anti," kaka alisema. "Lakini mje wote watatu."